Simba Aliyezunguka Dunia

Mama Uzi hakuwa mtu wa kupenda kuonekana. Siku alipopigwa picha ya kitambulisho, mpiga picha alimwomba ainue uso mara tatu, na picha ilipotoka ilionyesha zaidi kilemba kuliko mwenye kilemba. Miaka kumi na tisa alishona kwenye kibanda chake mgongo ukiwa mlangoni na uso ukiwa kwenye cherehani, hata wateja wakawa wanamjua kwa kisogo. Kwa hiyo mtu huyohuyo alipoanza kuonekana laivu kila siku saa nne asubuhi, akimwambia mtu asiyemjua mbele wala nyuma "karibu sana, nyumbani hawajambo?", mtaa ulikuwa na haki ya kuuliza kulikoni.

Kulikoni yenyewe ilikuwa mashine ya matundu ya vifungo.

Shule iliyo mwisho wa barabara ilikuwa inabadilisha sare. Mwalimu mkuu, mama mfupi anayetembea kama aliyechelewa hata siku anapowahi, aliingia kibandani, akachomoa shati moja kwenye kamba, akalisogeza hadi puani na kuanza kukagua matundu ya vifungo moja baada ya jingine.

"Haya umeyashona kwa mkono," alisema.

"Kwa mkono, mwalimu."

"Mazuri. Lakini mimi nina mashati mia mbili, kila moja vifungo saba. Ukiyashona kwa mkono watoto watavaa wakiwa na watoto wao. Nina sketi na kaptula pia, mia mbili vilevile. Tafuta mashine ya matundu, fundi. Ijumaa ya mwisho wa mwezi nitapita hapa. Nikiikuta, kazi yote ni yako."

Mashine hiyo ilikuwa inauzwa laki sita, taslimu, muuzaji hataki kusikia habari ya nusunusu. Mama Uzi alikuwa na laki nne na nusu ndani ya kopo la biskuti lililosahau zamani biskuti ni kitu gani. Sehemu ya hela hizo ilitoka kwa mumewe, dereva wa lori la masafa anayeonekana nyumbani mara mbili kwa mwezi, na alipoziweka alisema kopo hilo likiguswa kwa jambo jingine lolote yeye hatapiga kelele, atakaa kimya. Mama Uzi alikuwa ameolewa naye muda wa kutosha kujua kwamba kelele ni afadhali.

Ilipungua laki moja na nusu, na mwezi ndio kwanza umeanza.

Hapo ndipo wifi yake alipoingia na maarifa. Wifi huyu, dada wa mumewe, aliuza mitumba kibanda cha nne. Cha tatu kilikuwa cha kinyozi, mdogo wao wa mwisho, yaani shemeji wa Mama Uzi. Cha kwanza kilikuwa cha wakala wa pesa za simu, mwanamke mpole asiye na undugu na mtu, na pengine ndiyo sababu biashara yake ilienda vizuri. Vibanda vyote vinne vilikuwa jengo moja la mabati lililogawanywa kwa mabati, na kinyozi akipiga chafya, Mama Uzi alimwombea afya bila kuinua kichwa.

"Wifi, wewe unakufa maskini na mikono hiyo," wifi alisema, amejiegemeza mlangoni na simu kifuani. "Kuna mwanamke huku analipwa kwa kulala. Anaweka simu, anajifunika shuka, anakoroma. Watu wanamtumia maua."

"Maua ya nini? Amefariki?"

"Maua ya kwenye simu, wifi. Mtu anakupenda, anakutumia waridi. Akikupenda zaidi anakutumia kofia. Akikupenda sana, taji. Akipagawa kabisa, simba. Hizo zawadi zinageuka almasi, na almasi zinageuka hela."

"Zinageukaje?"

Wifi alipunga mkono hewani. "Zinageuka tu."

Naomba mpungo huo wa mkono ukumbukwe, kwa sababu mambo yote yaliyofuata yalitokea ndani yake.

Simu ilifungwa kwenye hanga, hanga likatundikwa kwenye msumari, na Mama Uzi akaingia laivu. Siku ya kwanza alipata watazamaji kumi na mmoja. Wanne walikuwa watu wa mtaani ambao wangeweza kumtazama kwa kugeuza shingo. Waliobaki walikuwa watu wa mbali waliopenda kuona sindano ikipanda na kushuka, wakasema inawatuliza. Tatizo lilikuwa kwamba sindano haikupata nafasi ya kupanda wala kushuka. Mama Uzi alilelewa kwamba mgeni hapiti bila kusalimiwa. Kila jina lililotokea kwenye kioo alilikaribisha, aliliuliza hali, aliliuliza watoto, na kama jina halikujibu alisubiri. Mtu mmoja aliyejiita Kisiki 77 alituma waridi, akasimamisha kazi ya asubuhi nzima, maana Mama Uzi alisimama, akafunga vizuri kanga yake, akashukuru kwa mikono miwili na kuuliza Kisiki huyo ni wa ukoo gani.

"Mama shona," aliandika Kisiki 77.

Alishona. Na kabla ya kushona alichukua chaki yake ya kukatia nguo, akaandika kwenye ukuta wa bati ulio kati yake na shemeji: Kisiki, waridi moja. Hakuandika kwa kujivuna. Aliandika kwa sababu hakuwahi kupokea kitu cha mtu bila kujua atakirudisha lini, na alilala vibaya akidaiwa hata sahani.

Huo ndio ugonjwa uliomla, na nitasema wazi kwamba ni ugonjwa wa watu wazuri. Mtu mbaya angepokea akanyamaza.

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri, mawaridi mawili matatu kwa siku kutoka kwa watu wa mbali. Wiki ya pili wifi alimtumia kofia. Alifanya hivyo kwa upendo na pia kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameingia laivu na alitaka ajulikane kama mtu wa kutoa. Kofia ilishuka kwenye kioo ikizungukazunguka na jina la wifi likimetameta. Watazamaji wakapiga makofi ya vidole. Mama Uzi aliandika ukutani: Wifi, kofia. Kisha akafungua kopo la biskuti, akaenda kwa wakala kununua sarafu, maana zawadi hununuliwa kwa sarafu na sarafu hununuliwa kwa hela, na mchana uleule wifi akarudishiwa kofia yake. Na juu ya kofia, waridi, ili isionekane amerudisha chombo kitupu.

Wifi alipoona waridi la ziada aliguswa. Akarudisha kofia mbili.

Kinyozi hakuweza kukaa nje ya jambo kama hili. Sitaki kumsema vibaya, ana moyo mkubwa kuliko wengi mtaani, ila ni moyo unaopenda kuangaliwa. Kwenye vikao vya michango ya harusi yeye husubiri kipaza sauti kifike ndipo aingize mkono mfukoni. Naye akaingia laivu, simu imebanwa juu ya kioo cha kunyolea, na wateja wakawa wanatoka pale bila kujua kwamba watu arobaini wamewaona na povu masikioni. Siku ya kwanza alimtumia shemeji yake kofia tatu, akamtumia dada yake kofia tatu, na akatangaza kwa sauti iliyopita kwenye bati bila msaada wa mtandao wowote, "Familia kwanza."

Sasa walikuwa watatu, na kofia zikawa zinazunguka kutoka kibanda hadi kibanda kama kipande cha sabuni kinachoogewa na watu watatu. Hakuna aliyeona kwamba sabuni inapungua, kwa kuwa kila mmoja aliangalia povu.

Baya kuliko yote lilikuwa shindano. Ile programu ya laivu ina mchezo wa kuwagombanisha watu wawili wa laivu kwa dakika tano, kioo kinagawanywa katikati, na anayepokea zawadi nyingi anashinda. Aliyeshindwa anapakwa unga usoni. Wifi na kinyozi, dada na kaka waliowahi kununiana mwaka mzima kwa sababu ya ndoo, walipambana Jumanne mchana. Mama Uzi alikuwa anatazama, na jasho likamtoka. Huyu ni wifi, yule ni shemeji. Akimsaidia mmoja, mwingine atalisema mpaka mazishini. Alifanya jambo la haki pekee alilolijua: alimtumia kila mmoja taji.

Wakatoka sare. Programu ikaongeza dakika tano. Akatuma tena taji kila upande. Wakatoka sare. Zilipoongezwa dakika tano za raundi ya tatu alikuwa amesimama kwa wakala na kopo la biskuti mkononi, na wakala, aliyezoea kuuliza "unatoa au unaweka?", safari hii hakuuliza.

Shindano liliisha wifi akiwa mbele kwa waridi moja, lililotumwa kwa makosa na Kisiki 77. Kinyozi alipakwa unga akicheka. Mteja aliyekuwa kwenye kiti, nusu kichwa kimenyolewa, nusu bado, aliuliza kama anaweza kuendelea kuhudumiwa.

Siku tatu kabla ya Ijumaa ya mwalimu, Mama Uzi alifungua akaunti yake na kuona almasi elfu nane. Elfu nane zilimetameta kwa rangi ya buluu. Alifunga kibanda mapema, akajitanda vizuri, akaenda mlango wa jirani kwa wakala kama mtu anayekwenda kupokea mahari.

"Nisaidie kutoa zote," alisema.

Wakala alichukua simu, akabonyeza, akasubiri, akabonyeza. "Zimekuja elfu thelathini na sita, mama, makato yameshatoka."

"Za leo?"

"Za zote."

Mama Uzi aliketi kwenye kreti ya soda. "Nimetumiwa zawadi za elfu themanini na ushee. Nimeandika ukutani, njoo uone."

"Nakuamini. Waliokutumia walitoa elfu themanini kweli. Lakini zawadi ikigeuka almasi, wenye programu wanachukua nusu. Inabaki arobaini. Kuihamisha ije kwenye simu kuna makato. Kuitoa kwenye simu iwe noti kuna makato."

"Hayo ya mwisho yanakwenda kwa nani?"

"Ya mwisho ni yangu," wakala alisema, bila aibu na bila majivuno. "Na yale ya kununua sarafu, kidogo ni yangu pia. Mimi ni daraja, mama. Ukivuka kwenda nakata, ukivuka kurudi nakata. Mimi sigombani na mtu."

"Nusu ya kazi gani? Wao walishika sindano?"

"Walishika simu yako."

Mama Uzi alitafuta njia ya kulielewa jambo hilo, na kama kawaida akaipata kwenye kitambaa. Mteja ameleta mita mbili. Mwenye kibanda anakata mita moja anaweka kwake, anakupa iliyobaki ushone suruali. Hiyo inauma lakini inaeleweka, ndiyo kodi ya kukaa mjini. Lakini yeye alikuwa ameichukua ile mita moja, akampelekea wifi kama zawadi, ikakatwa nusu mlangoni. Wifi akaipeleka kwa kaka yake, ikakatwa nusu. Kaka akaileta kwake, ikakatwa nusu. Na kila mtu njiani aliongezea kipande cha kwake ili asionekane bahili. Mwishowe watu watatu wa familia moja wamekaa na vitambaa vya kufutia miwani, wakipongezana kwa ukarimu.

Alirudi, akamwaga kopo kwenye meza ya kukatia. Alihesabu mara mbili. Pamoja na zile thelathini na sita, zilikuwa laki tatu.

Alikwenda kwa wifi jioni ileile, akamkuta anakunja sweta.

"Wifi, tuache hizi kofia."

"Tuache vipi? Mimi nakudai taji."

"Hunidai. Nilikutumia mataji matatu kwenye lile shindano lenu."

"Yale yalikuwa ya shindano, ulimpa na yeye. Mimi nilikutumia taji la Alhamisi, la peke yako. Hilo umelila?"

"Sijalila, wifi. Wamelila wenye programu. Nusu."

"Basi nirudishie nusu."

Kwa upande wa hesabu lilikuwa jibu la maana kuliko yote yaliyosemwa mwezi ule. Lakini Mama Uzi hakuwa na nguvu ya kucheka. Alirudi kibandani kwake, akaketi kwenye kiti chake, akaegemeza kichwa kwenye ukuta wa bati wenye majina ya chaki, na akasema kwa sauti ya kujisemea, "Mashine siipati. Imepungua nusu nzima. Nitamwambia nini mume wangu." Kisha akalia kidogo, kwa adabu, akijifuta kwa kipande cha bitana.

Upande wa pili wa bati mashine ya kunyolea ilizimwa.

Kinyozi alikuwa peke yake. Alisikia kila neno, na neno lililomkaa ni "nusu nzima". Yeye alikuwa ameweka laki tatu na ushee kwa ajili ya kiti cha kunyolea kinachozunguka, kile cha chuma chenye pedali, alichokisemea kwa miaka miwili mpaka wateja wakawa wanakiuliza hali kama mtoto aliyelazwa. Alikaa kwenye kiti chake cha mbao, akafikiri, akaamua. Namsifu kwa kuamua. Watu wengi wangewasha mashine wakaendelea kunyoa.

Angeweza kubisha bati. Angeweza kutoka mlangoni, hatua saba, nilishazipima, akaweka bahasha kwenye meza na kusema shemeji hizi hapa. Lakini kutoa bila mtu kujua kwake hakukuwa kutoa, kulikuwa kupoteza. Na alikuwa na hakika kwamba jambo kubwa linastahili watu.

Alhamisi, siku moja kabla ya mwalimu mkuu, Mama Uzi aliingia laivu kwa mazoea tu. Hakusalimia mtu. Alishona pindo la pazia, na watazamaji, kwa mara ya kwanza, wakapata utulivu waliokuwa wanautafuta. Walifika mia mbili na kumi, idadi ambayo hakuwahi kuiona. Saa tano na dakika chache kioo kiligeuka cheusi, kisha kikawa cha dhahabu, na simba akatokea. Alitembea kutoka kona hadi kona, akatikisa shingo, akanguruma. Chini yake jina lilipita kwa herufi nene: Mfalme wa Wembe.

Sekunde mbili baadaye simba yuleyule alinguruma upande wa pili wa bati.

Maandishi yalimwagika kwenye kioo. Watu walipongeza, waliuliza Mfalme wa Wembe ni nani, walimtaka mama aseme neno. Mama Uzi aliuacha mguu wake kwenye pedali ya cherehani mpaka uzi ukakatika, akainuka, akatoka, akatembea zile hatua saba.

Kinyozi alikuwa amesimama katikati ya kibanda, simu mkononi, uso unang'aa. Alikuwa amevaa shati la sikukuu.

"Shemeji," alisema, "usiniambie asante. Kesho nunua mashine."

"Umetoa ngapi?"

"Shemeji, zawadi haiulizwi."

"Ngapi?"

"Laki tatu. Simba ni laki tatu. Nilikusikia juzi, umepungukiwa laki tatu. Nilisema moyoni, kiti kitasubiri."

Mama Uzi alimtazama. Alitaka kumkumbatia na alitaka kumpiga na kile kiti cha mbao, na vyote viwili vilikuwa vya kweli kwa kipimo kilekile. "Shemeji yangu," alisema, "koponi nina laki tatu. Ungenipa hizo mkononi, zingekuwa sita. Muda huu ningekuwa dukani nabeba mashine."

"Si ndiyo nimekupa?"

"Umewapa wao. Nusu ni yao. Nusu yangu, kwa kuwa zawadi ni kubwa, wanaikagua kwanza, inafika Jumatatu, na makato."

Kinyozi alitazama simu yake kana kwamba mtu aliyejificha ndani angetoka kujitetea. Simba alikuwa ameshaondoka. Kwenye kioo watu mia mbili na kumi walikuwa wanatazama cherehani isiyo na mtu, na mmoja ameandika: mama amekwenda wapi, tunataka simba mwingine.

"Laki na nusu," kinyozi alisema polepole. "Kutoka hapa mpaka hapo."

"Hapo," Mama Uzi alisema, akaligusa bati.

Wifi, aliyekuwa ameliona tukio lote kwenye simu yake na alikuwa amekuja mbio kupongeza, alisimama mlangoni, akawaangalia nyuso, akaficha simu ndani ya doti ya kanga. Ni mara chache sana katika maisha yake wifi huyu kukosa la kusema, na nadhani inafaa irekodiwe.

Ijumaa mwalimu mkuu alifika saa mbili na nusu. Mama Uzi alikuwa ameshafuta kona ya meza na kuiacha wazi, si kwa matumaini bali kwa heshima, ili mwalimu asione kwamba hakujali.

"Mashine iko wapi, fundi?"

"Nusu yake iko njiani, mwalimu."

Mwalimu mkuu hakuuliza nusu ya mashine inasafirije. Alikuwa na shule ya watoto mia mbili na alishasikia kila aina ya jibu. Alishika tena shati kwenye kamba, akalitazama, akalirudisha. "Mashati nitampa fundi wa kule sokoni," alisema. "Sketi na kaptula hazina matundu, ni mpira wa kiunoni tu. Hizo chukua wewe. Nusu ya kazi. Muhula ujao nikikuta mashine, tutazungumza."

"Nashukuru, mwalimu."

Alishukuru kwa dhati. Alikuwa amezoea nusu.

Jumatatu nusu ya simba ilifika, ikakatwa, ikatolewa, ikakatwa. Wakala alimhesabia noti taratibu, na kwa mara ya kwanza akapunguza kidogo makato yake, kisha akajutia, maana daraja likianza kuwa na huruma litajengwa na nani. Mama Uzi aliziweka kwenye kopo. Zilikaribia laki nne na nusu, zimepungua kidogo. Mwezi mzima wa kofia, mataji na simba ulikuwa umemrudisha kwenye msumari uleule aliotundikia hanga siku ya kwanza. Mumewe aliporudi alisikiliza hadithi yote mpaka mwisho, akakaa kimya, kisha akatoka nje ya nyumba na akasikika akicheka peke yake kwenye lori, na Mama Uzi akapumua.

Hakufunga akaunti. Aliendelea kuingia laivu saa nne, kisogo kikiwa mbele ya simu na uso kwenye sketi za buluu, na mtu akituma waridi anasema asante bila kugeuka wala kuandika ukutani. Majina aliyafuta kwa kitambaa chenye maji, la Kisiki 77 likawa la mwisho.

Ilikuwa siku ya kumi ya sketi aliposikia mtu anabisha bati. Si mlango, bati, mara tatu. Pale mabati mawili yasipokutana vizuri, karibu na sakafu, palitokea vidole viwili vyenye nywele za mteja, vimeshika noti iliyokunjwa mara nne.

"Elfu ishirini," ilisema sauti ya kinyozi. "Za mashine. Jumamosi nyingine nitaleta nyingine."

Mama Uzi aliinama akaipokea. Vidole havikuondoka mara moja.

"Shemeji."

"Naam."

"Hapa sasa nani amejua kwamba nimetoa?"

Mama Uzi aliikunjua noti, akainyoosha kwenye paja lake, akaiweka koponi.

"Mimi," alisema.

Vidole vilitulia palepale, kana kwamba vinapima iwapo mtazamaji mmoja anatosha. Kisha vidole vikarudi ndani, na mashine ya kunyolea ikawaka.